Wako Chomboni

Nikiwa kidato cha tatu tuliletewa video ya tamthilia tuliyokuwa tukiisoma kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa nimeshaisoma mara nne. Kulikuwa na tukio moja la mume na mke wanaozozana kwa minong'ono ili mgeni aliyelala chumba cha pili asiwasikie, na kila nikifika pale moyo ulikuwa ukinienda mbio. Waliotengeneza ile video waliliona tukio hilo dogo. Wakawatoa mume na mke nyumbani, wakawapeleka ufukweni, mawimbi kwa nyuma, upepo unalipeperusha buibui la mke, wakapigiana kelele chini ya minazi. Mgeni hayupo, wala hakuna wa kufichwa. Nilitoka darasani nimekasirika, na sikuweza kumweleza mwenzangu yeyote kwa nini.

Sasa naweza. Ile minong'ono ndiyo iliyokuwa tamthilia yenyewe.

Watengenezaji wa filamu wana mazoea haya tangu zamani. Wakipewa tamthilia, jambo la kwanza wanaloliona ni kwamba watu wake wamekaa mahali pamoja, na wanataka kuwatoa. Kamera inaweza kwenda popote, basi wanaona ni hasara isipokwenda. Mimi naamini kila tamthilia nzuri ina kitu kinachowazuia watu wake wasiondoke, na anayeihamishia kwenye filamu ana kazi ya kukitafuta kitu hicho na kukilinda, hata kuliko anavyoyalinda maneno. Filamu ninazozipenda zaidi kati ya zilizotoka jukwaani ni zile zilizokilinda.

Nyingi ya filamu hizo nimezitazama juu darini kwetu, hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Nilinunua projekta iliyotumika, spika ndogo ninayo, na shuka nyeupe tunaitundika kwenye waya wa kuanikia nguo. Tunaanza baada ya Isha, misikiti ikishatulia. Watazamaji wa kudumu ni wawili: mamangu, na ami yangu ambaye alikuwa nahodha wa jahazi, miaka na miaka akipeleka boriti za mikoko Mombasa. Mimi hukaa katikati yao nikitafsiri kwa sauti ya chini. Pembeni ya shuka, upande wa kulia, daima kuna kivuli cha majani. Ni mrehani wa mama, umepandwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na hauruhusiwi kusogezwa.

Ya kwanza kuwaonyesha ilikuwa 12 Angry Men, ya mwaka 1957. Kwa haki, haikuzaliwa jukwaani. Reginald Rose aliiandika mwaka 1954 kuwa mchezo wa televisheni uliochezwa moja kwa moja hewani, na majukwaani iliingia baadaye. Lakini umbo lake ni la jukwaa kabisa. Wanaume 12 wamefungiwa chumba kimoja, siku ya joto kali mjini New York, waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua babake ana hatia. Wakisema anayo, kijana atanyongwa au vyovyote wanavyoua kule. Watu 11 wameshakata shauri. Mmoja anasema, tuzungumze kwanza. Ukiondoa dakika chache za mwanzo na za mwisho, filamu nzima imo ndani ya chumba kile na choo chake.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba ami ataondoka. Hakuna farasi, hakuna bahari, ni wazungu watupu wakizungumza. Alikunywa kahawa yake kimya mpaka ulipofika wakati ambapo mmoja wao anajaribu kufungua feni na feni haifanyi kazi. Akasema, "Hawa wako chomboni."

Nikamuuliza vipi.

"Upepo umekata. Nyote mmekaa sitaha moja, maji ni ya pipa moja, na nchi kavu haionekani. Siku ya pili kila mtu anakuwa vile alivyo. Sasa mwache, tutazame."

Sijasoma uchambuzi wa filamu ile ulioipata hivyo. Sidney Lumet, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, alieleza baadaye jinsi alivyoifanya. Theluthi ya kwanza kamera iko juu ya usawa wa macho ya waigizaji. Theluthi ya pili iko sawa na macho yao. Ya mwisho imeshuka, inawatazama kutoka chini, hata dari ya chumba inaanza kuonekana juu ya vichwa vyao. Na lenzi alizibadilisha hatua kwa hatua, kuta zikawa zinasogelea migongo yao. Mtazamaji hajui alichofanyiwa. Anachojua ni kwamba hewa imepungua. Ami hana habari na lenzi, lakini karibu na mwisho nilimwona amefungua kifungo cha juu cha shati, na usiku ule kaskazi ilikuwa ikivuma vizuri sana.

Elia Kazan alifika hapo kwa njia ndefu zaidi. Ndiye aliyeiongoza A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams jukwaani Broadway, kule New York, mwaka 1947, na alipopewa kuifanya filamu alifikiri kuanzia mbali: mji aliotoka Blanche, mwanamke anayekuja kukaa kwa dada yake, nyumba ya ukoo iliyopotea, yote ambayo jukwaani tunayasikia tu. Yakaandikwa, akayasoma, akayaacha. Akarudi kwenye vyumba viwili vya New Orleans, akajengewa kuta zinazoweza kusogezwa, na kadiri Blanche anavyobanwa na maisha ndivyo chumba kinavyopunguzwa. Filamu ilitoka mwaka 1951. Wenye kukagua maadili waliibadilisha mwisho wake, na hilo linaniuma kila nikiitazama. Lakini Marlon Brando, aliye shemeji wa Blanche, akipita katika vyumba vile ni kama punda mwenye shehena ya mawe katika kichochoro cha Mkomani, hapa hapa Amu. Huna pa kwenda, unajibanza ukutani na kuvuta tumbo ndani mpaka apite. Vivien Leigh, ndiye Blanche, anaigiza filamu nzima amejibanza hivyo.

Fences niliielewa kwa Kiswahili kabla ya kuitazama. Kwetu ua ni uzio, na ua ni pale palipozungushiwa huo uzio, uani, wanapofua nguo na kukuna nazi na kusema yasiyosemwa mbele ya wageni. Neno ni moja. Tamthilia ya August Wilson, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, yote imekaa ndani ya neno hilo. Troy Maxson ni mzoa taka wa Pittsburgh miaka ya 1950, na uani kwake anajenga ua, ubao mmoja leo, mwingine wiki ijayo, huku familia yake ikimtoka mikononi. Denzel Washington na Viola Davis waliicheza Broadway mwaka 2010, na mwaka 2016 Washington akaiongoza kuwa filamu, sehemu kubwa ya waigizaji wakiwa ni wale wale. Wilson mwenyewe alifariki mwaka 2005. Enzi ya uhai wake alishikilia kwamba filamu hiyo iongozwe na mtu mweusi, hata kama kungoja kutachukua miaka.

Walikuwepo waliolalamika kwamba filamu imebaki jukwaani mno. Siwaelewi. Tazama pale Troy anapomwambia mkewe kwamba kuna mtoto anakuja kwa mwanamke mwingine. Rose anamjibu kwamba naye amesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama yeye, miaka 18, naye alikuwa na ndoto zake. Machozi yanamtoka. Makamasi yanamchuruzika mpaka kwenye midomo, na yeye anaendelea kusema. Broadway, aliyekaa viti vya nyuma hakuweza kuyaona makamasi yale. Filamu haikuhitaji kumtoa Rose nje ya ua wake. Ilihitaji kumsogelea hatua tatu.

Mama alisema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na jirani, "Mpeni leso."

Neno hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu tamthilia nyingine kubwa inaning'inia kwenye leso. Katika Othello ya Shakespeare, mume anampa mkewe leso, leso inaibwa, inaonekana mikononi mwa mwanamume mwingine, na mke anauawa kwa ajili yake. Sisi neno leso tumelitwaa kwa Wareno, na huku pwani ni kitambaa cha mkononi na ni kanga vilevile. Basi siku iliyofuata nikaitundika shuka na kuwaonyesha Omkara, ya Vishal Bhardwaj, ya mwaka 2006. Tafsiri yangu haikuhitajika sana. Mama amekulia filamu za Kihindi na anashika maneno kuliko anavyokiri.

Bhardwaj aliiacha Venice, akaliacha jeshi na meli, akawapeleka watu wake Uttar Pradesh, kati ya wanasiasa na vijana wao wenye bunduki. Saif Ali Khan ndiye Iago, yule mfitini anayemchongea mke kwa mumewe, anachechemea na kutabasamu, na sijaona Iago anayetisha zaidi. Na leso? Leso imekuwa kamarbandi, mshipi wa mapambo wa kiunoni, urithi wa ukoo ambao bwana anamfunga mchumba wake. Nimelifikiria badiliko hilo mara nyingi kuliko filamu yenyewe. Kitambaa cha mkononi kinaweza kuanguka njiani bila mwenyewe kujua, na mtu mwenye akili timamu angeweza kumsamehe mkewe. Kitu cha kiunoni hakidondoki. Lazima kivuliwe. Anayejua kibwebwe ni nini, na nani anaruhusiwa kukifungua, hahitaji kuambiwa Omkara, ndiye Othello wa huku, alichokiona alipouona mshipi ule kwa mwanamke mwingine. Bhardwaj alibadilisha nchi, lugha, na kila neno, na kifungo akakikaza kuliko kilivyokuwa.

Tangu hapo nikaanza kujiuliza kama ukuta ninaoutetea ni ukuta wa nyumba kweli.

Filamu iliyonijibu ni Hyènes, ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, ya mwaka 1992. Ameitoa kwenye tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, ya mwaka 1956. Mji umefilisika. Mwanamke aliyefukuzwa pale ujanani anarudi akiwa tajiri kupita kiasi. Zamani alipata mimba, mwanamume akaikana na kuleta mashahidi wa uongo, mwanamke akaondoka kwa aibu. Sasa anawaambia watu wa mji kwamba atawapa mali isiyo na hesabu kwa sharti moja, wamuue mwanamume yule. Wanakataa kwa heshima. Kisha wanaanza kununua vitu.

Mwanamume huyo, Dramaan, ni mwenye duka. Na duka lake ni duka la mtaani kabisa, meza ya mbao, rafu, chupa, watu wanaosimama tu kupiga soga. Wateja wanachukua vitu vya ghali kuliko siku zote, na wote wanasema waandikiwe. Dramaan anawaandikia. Halafu anamtazama mmoja miguuni, anaona viatu vipya vya manjano. Anamtazama mwingine, navyo hivyo. Viatu vimetoka Burkina Faso, wanamwambia kwa furaha. Hakuna aliyelipa hata senti, na hakuna wa kumlipia deni lile isipokuwa kifo chake. Mtu aliyesimama nyuma ya meza ya duka, na nimewahi kusimama nyuma ya meza ya duka la babu hapa Langoni nikiwa mdogo, anajua jinsi daftari la deni linavyoweza kuwa zito mkononi. Sikuwahi kuona daftari likitumika kumchimbia mtu kaburi, mstari kwa mstari, na yeye mwenyewe ndiye anayeandika.

Filamu hii haina chumba. Ina mchanga, ina bahari, ina anga pana, na wanyama wanakatiza katikati ya hadithi. Kwa kanuni yangu ya mwanzo ingekuwa imeshindwa, na kumbe hakuna anayeweza kutoka. Dramaan anajaribu kupanda treni na watu wa mji wanamzunguka kumuaga, kwa upole, mpaka treni inaondoka bila yeye. Mwisho wanamzunguka tena, wote wanaume. Wanapoachana, chini limebaki koti lake. Hollywood walikuwa wameitengeneza hadithi hii mwaka 1964, na Ingrid Bergman na Anthony Quinn, na wakamwacha mwanamume awe hai. Walimfungulia mlango. Sitaki kuitazama mara ya pili.

Mji mdogo kando ya bahari, uliochoka kungoja, na fedha nyingi zinashuka kutoka nje kwa masharti. Ami alipoulizwa imemkalia vipi, alisema ataniambia kesho, na kesho yake hakusema.

Nimeibakiza A Raisin in the Sun kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote na ndiyo iliyonivurugia mawazo yangu. Lorraine Hansberry alikuwa na miaka 28 tamthilia yake ilipofunguliwa Broadway, Machi 1959, mwanamke mweusi wa kwanza kuonyeshwa tamthilia yake huko. Filamu ilitoka mwaka 1961, ikiwa na Sidney Poitier, Claudia McNeil, Ruby Dee na wengine waliotoka nayo jukwaani. Watu watano wa familia moja, akina Younger, wamebanana katika nyumba ndogo ya kupanga upande wa kusini wa Chicago, choo wanashiriki na majirani. Baba amefariki, na hundi ya bima ya dola 10,000 inakuja kwa posta. Bahasha inapofika, Lena, mama wa nyumba, hana haraka nayo. Furaha ya watu wote inamzima. Anamuuliza mjukuu wake kama sufuri ziko sawa idadi yake. Ni mumewe aliyegeuzwa kuwa sufuri, na hilo McNeil, anayemcheza Lena, hahitaji kulitamka.

Lena anatoa sehemu ya fedha hizo kununua nyumba katika mtaa wa wazungu. Anakuja mjumbe wa wakazi wa huko, mpole, kofia mkononi, kuwaomba wapokee fedha na wasihamie. Alipoingia tu, ami akanishika mkono. "Huyu si yule wa chomboni?" Ndiye. John Fiedler, yule mnyonge mwenye miwani kati ya wale 12, amerudi na sauti ile ile laini, na safari hii ulaini wake ndio unaotisha. Kwetu mtu kama huyo angeishia dakani, hapo mlangoni, akakaa kwenye baraza la mawe na kusema shida yake huko huko. Nyumba ya akina Younger haina daka. Anaingia moja kwa moja mpaka katikati ya masanduku yao ya kuhamia, anaketi kwenye kochi lao, na humo humo anawaambia hawafai.

Katika tamthilia kuna pahala Walter, mtoto wa Lena, amelewa, anapanda juu ya meza na kumtaja Kenyatta kuwa ni mtu wake. Wakati huo Kenyatta bado alikuwa amezuiliwa na Waingereza kaskazini mwa Kenya. Nilikuwa nimekaa hapa darini nilipoyasoma maneno hayo, na mbele yangu, ng'ambo ya mkondo, ni Manda, ambako enzi ya Hali ya Hatari kulikuwa na kambi ya mahabusu. Kijana wa Chicago wa kubuniwa, juu ya meza, akiita upande wetu. Niliinua macho nikaitazama Manda kwa muda mrefu.

Sasa lililonivuruga. Hansberry aliuandika mwenyewe mswada wa filamu, na aliandika matukio mengi mapya ya nje. Alitaka kamera itoke. Alitaka Lena aonekane dukani akiuziwa matofaa yaliyochakaa, alitaka Chicago yenyewe ionekane. Studio ikayakata mengi, na mswada wake kamili ulikuja kuchapishwa kitabu mwaka 1992, yeye akiwa ameshafariki tangu 1965, akiwa na miaka 34. Nilipolijua hili nilikaa nalo kwa siku nyingi. Yule mwandishi niliyemwona bingwa wa chumba kimoja alitaka kukifungua. Lakini yeye alijua kuta za Chicago kuliko mimi. Babake alipigania haki ya kukaa kwenye nyumba aliyoinunua mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1940. Kwa Hansberry huko nje hakukuwa na ufuko wa kuwapeleka watu wakapunge upepo. Nje ndiko ukuta ulikojengwa. Angewatoa Lena na Walter nyumbani ili tuone ni nani aliyewafungia humo. Filamu tuliyonayo ninaipenda kwa moyo wote, na bado ninaililia ile aliyoiandika.

Mwisho wake Walter anamrudisha yule mjumbe na fedha zake, wapagazi wanashusha makochi, wote wanateremka. Lena anabaki peke yake ndani ya chumba kitupu. Anakitazama, anatoka, anafunga mlango. Kisha mlango unafunguka tena. Anarudi mbio kuchukua mmea wake, ule mmea mdogo uliodumaa ambao filamu nzima amekuwa akiupeleka dirishani upate jua, anautia kifuani na kwenda zake.

Nilianza kutafsiri, mama akaniashiria ninyamaze. Nyumba ya babake, Mkomani, iliuzwa warithi walipogawana, mimi nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Vitanda na makasha vilichukuliwa na rikwama. Mrehani aliubeba mwenyewe kwa mikono miwili, vichochoro vyote mpaka Langoni.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Lena akaingia tena, akauchukua, akatoka, na kivuli cha majani kikawa kinatikisika pembeni mwa shuka.

"Tena."